Saa moja ya mazoezi na saa 23 zinazobaki

Swali la msomaji: "Nina umri wa miaka 41. Tangu mwaka jana nafanya mazoezi siku sita kwa wiki bila kukosa. Naamka saa kumi na moja kasorobo alfajiri, nakimbia kilomita tano au nanyanyua vyuma kwa saa moja, kisha saa moja asubuhi naondoka kwenda kazini, ambako nakaa kwenye kiti mpaka jioni. Mchana sina nafasi ya kula vizuri, kwa hiyo chakula changu kikubwa ni cha usiku. Kazi hunifuata nyumbani. Nakunywa kahawa saa kumi na moja jioni ili nipate nguvu ya kuimalizia, na huwa nalala saa sita usiku. Uzito umekwama kwenye kilo 84, kitambi hakipungui, mchana nasinzia, na mke wangu ananiambia nimekuwa mkali. Juzi nilipimwa presha ikasoma 138/88. Je, niongeze mazoezi ya jioni, au kuna jambo jingine ninalokosea?"

Ndugu msomaji,

Usiongeze mazoezi ya jioni. Kwa wiki nane zijazo ningependa ufanye kinyume chake: punguza siku za mazoezi kutoka sita hadi nne, na muda utakaoupata uutumie kulala. Natambua kwamba ushauri huu unaweza kukuvunja moyo, kwa kuwa mtu aliyejihimu kila alfajiri kwa mwaka mzima hutazamia kuambiwa akaze mwendo, asiambiwe apunguze. Lakini katika barua yako mazoezi ndilo jambo lililo sawa kuliko yote, na ni hayo mengine yanayolizunguka ndiyo yanayokunyima matunda yake.

Nianze kwa kukuondolea shaka kuhusu mazoezi yenyewe. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na kuimarisha misuli angalau siku mbili. Wewe unafanya takriban dakika 360, na sehemu kubwa ya hizo ni mazoezi makali. Moyo wako, misuli yako na uwezo wa mwili kuitumia sukari iliyomo kwenye damu vimenufaika hata kama mizani haionyeshi, na hiyo ndiyo sababu sikushauri uache. Tatizo ni mzigo wa matarajio ambao watu wengi huyatwisha mazoezi. Mtu wa kilo 84 akikimbia kilomita tano hutumia takriban kilokalori 400, na chupa mbili za nusu lita za soda zinatosha kuirudisha nishati hiyo yote. Isitoshe, baada ya mazoezi watu wengi hula zaidi kidogo na kutulia zaidi kidogo kwa siku nzima iliyobaki bila kujijua. Kwa hiyo mazoezi peke yake ni njia dhaifu ya kupunguza uzito, ingawa ni njia nzuri mno ya kuzuia uzito uliokwisha kupungua usirudi.

Usingizi ndio ninaotaka tuuzungumze kwa kirefu. Ukilala saa sita usiku na kuamka saa kumi na moja kasorobo, hata kama usingizi unakuchukua papo hapo, unapata saa nne na dakika 45. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi kila usiku. Ukijumlisha, kila wiki unakuwa na upungufu unaozidi saa 15, na upungufu wa namna hiyo haulipwi kwa kuchelewa kuamka siku moja ya mapumziko.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha jaribio dogo ambalo hunijia akilini kila ninaposoma barua kama yako. Watu kumi wenye uzito uliozidi walipewa chakula kilichopunguzwa kalori kwa vipindi viwili vya siku 14 kila kimoja. Katika kipindi kimoja walipewa saa 8.5 za kuwa kitandani, na katika kingine saa 5.5. Uzito ulipungua karibu sawa katika vipindi vyote viwili, takriban kilo tatu, lakini walipolala vya kutosha walipoteza kilo 1.4 za mafuta, na walipopunjwa usingizi mafuta yaliyopotea yalikuwa kilo 0.6 tu. Sehemu kubwa ya uzito uliosalia ilitoka kwenye misuli na tishu nyingine zisizo za mafuta. Hebu lifikirie jambo hilo kwa upande wako: unanyanyua vyuma ili ujenge misuli, kisha usiku unauweka mwili katika hali inayoufanya uimege misuli hiyo hiyo na kuyahifadhi mafuta.

Watu kumi ni wachache, na nisingekuwekea mpango wa maisha kwa ushahidi wa watu kumi. Lakini mwaka 2022 lilichapishwa jaribio jingine, la watu 80 wenye uzito uliozidi ambao walizoea kulala chini ya saa 6.5. Wale waliosaidiwa kurefusha usingizi wao, na wakaurefusha kwa wastani wa takriban saa 1.2, walijikuta wanakula pungufu kwa kilokalori 270 hivi kwa siku, ilhali hakuna aliyewaagiza wapunguze chakula. Sasa piga hesabu pamoja nami. Siku mbili za kukimbia ninazokuomba uziache zina thamani ya kilokalori 800 kwa wiki. Usingizi wa ziada, ukikuletea matokeo kama ya watu wale, una thamani ya zaidi ya kilokalori 1,800 kwa wiki. Sababu yake inafahamika: mtu aliyekosa usingizi huongezewa hamu ya kula na homoni zinazotawala njaa na shibe, na hamu hiyo huelekea zaidi kwenye vitu vitamu na vyenye mafuta, tena usiku, wakati nia ya kujizuia imeshachoka.

Kuna na suala la presha yako. Kwa kawaida, mtu anapolala usingizi mzuri shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 hadi 20 ukilinganisha na mchana, na huo ndio muda wa mishipa na moyo kupumzika. Mapumziko hayo wewe unayapata kwa chini ya saa tano. Sisemi kwamba usingizi pekee ndio uliokufikisha kwenye 138/88, lakini ningeshangaa kama hauna mchango.

Mpango ninaoupendekeza ni huu. Amka saa kumi na mbili kasorobo kila siku, zikiwemo siku za mapumziko, na uwe kitandani saa nne na nusu usiku. Hapo utakuwa na saa saba na robo. Siku mbili za kazi fanya mazoezi ya dakika 40 kabla ya kuondoka nyumbani, moja ya kukimbia na moja ya vyuma. Siku mbili za mapumziko fanya saa nzima, kukiwa kumekucha. Usijaribu kuruka kutoka saa sita hadi saa nne na nusu kwa usiku mmoja, maana utajilaza ukikodolea dari macho na kuamini kwamba ushauri huu haufai. Wahisha saa ya kulala kwa dakika 20 au 30 kila baada ya siku tatu au nne. Kahawa ya mwisho iwe kabla ya saa nane mchana, kwa sababu mwili wa mtu wa kawaida huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini uliyoinywa. Ile ya saa kumi na moja jioni, nusu yake bado imo mwilini saa nne usiku, wakati ambao utakuwa unautafuta usingizi.

Kazi inayokufuata nyumbani ndiyo itakayokuwa ngumu kuliko yote, na sitajifanya kwamba kila mtu anaweza kuikataa. Unachoweza kufanya ni kuiwekea mwisho, tuseme saa tatu na nusu. Ikifika saa hiyo, chukua karatasi na uandike kwa dakika tano yale yote unayopaswa kuyashughulikia kesho, moja baada ya jingine, kwa maneno kamili: nimpigie nani, nimalizie ripoti ipi, nipeleke nini wapi. Kisha acha karatasi na simu nje ya chumba cha kulala. Zoezi hili dogo limejaribiwa na limeonekana kuwawahisha watu usingizini, kwa kuwa akili haina tena haja ya kuyarudiarudia mambo isije ikayasahau.

Kabla sijaondoka kwenye usingizi, kuna swali moja la kumuuliza mke wako. Je, unakoroma kwa nguvu, na wakati mwingine pumzi hukatika kisha unashtuka kama mtu anayepaliwa? Kitambi, kusinzia mchana na presha inayopanda, vikikutana na mkoromo wa namna hiyo, vinatia shaka ya tatizo la kukatikakatika kwa pumzi usingizini. Tatizo hilo lina vipimo vyake na tiba yake, na halitibiwi kwa kulala mapema tu. Jibu likiwa ndiyo, mweleze daktari waziwazi.

Kuhusu chakula sina haja ya kukupa orodha ya vilivyokatazwa. Jambo linalonihangaisha ni mpangilio: unashinda na njaa, halafu usiku unakula kwa mkupuo, ukiwa umechoka na karibu na saa ya kulala. Rudisha sehemu ya chakula hicho mchana. Kama mchana huna nafasi, andaa chakula usiku uliotangulia na ukibebe, kwa sababu mtu mwenye njaa na mwenye dakika kumi hula kilicho karibu, na kilicho karibu mara nyingi ni kile kilichosindikwa kiwandani hadi hakifanani tena na mmea au mnyama kilikotoka. Mwaka 2019 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 ndani ya kituo chao kwa wiki nne. Kwa wiki mbili walikula vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, na kwa wiki mbili vyakula visivyosindikwa sana. Milo iliyotolewa ililinganishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mmoja aliruhusiwa kula kiasi alichotaka. Walipokuwa kwenye vyakula vya kusindikwa walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku na kuongezeka uzito kwa wastani wa kilo 0.9. Vyakula vya namna hiyo huliwa haraka, tumbo likachelewa kutoa taarifa kwamba limejaa.

Katika sahani yako nusu iwe mboga na matunda, robo iwe chakula cha protini, na robo iwe wanga, ikiwezekana nafaka isiyokobolewa. Chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kiasi cha kijiko kimoja cha chai kikihesabiwa pamoja na ile iliyokwisha kutiwa ndani ya chakula ulichokinunua. Kwa mtu mwenye presha kama yako kipimo hiki nakihimiza kwa mkazo. Poda za protini na vidonge vya kuyeyusha mafuta huvihitaji, na fedha zako zitafaa zaidi zikitumika kununulia chakula. Hukutaja pombe wala sigara. Iwapo unatumia chochote kati ya hivyo, kuacha sigara kungekuwa na uzito kuliko yote niliyoyaandika hapa, na pombe, hata ile ya kukuletea usingizi, huuharibu usingizi wa nusu ya pili ya usiku na kuipandisha presha.

Sasa hicho kiti. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa kutwa nzima, walipata maradhi ya moyo kwa kiwango kidogo kuliko madereva waliokuwa wameketi. Tangu hapo ushahidi umeongezeka sana, na habari njema kwako ni kwamba uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016, uliokusanya taarifa za watu zaidi ya milioni moja, ulionyesha kuwa mazoezi ya wastani ya dakika 60 hadi 75 kwa siku yanaelekea kufuta hatari ya ziada ya vifo inayotokana na kukaa zaidi ya saa nane kwa siku. Kwa hiyo siku ulizofanya mazoezi una kinga. Ila zile siku tatu ambazo sasa hutafanya, na hata hizo nyingine, bado inafaa uinuke. Katika jaribio moja la mwaka 2012, watu wenye uzito uliozidi ambao walitembea kwa dakika mbili kila baada ya dakika 20 za kukaa walipata ongezeko dogo la sukari baada ya kula, pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na siku walizokaa mfululizo. Simama unapopokea simu. Mfuate mwenzako mezani kwake badala ya kumtumia ujumbe. Ukimaliza kula mchana, tembea dakika kumi kabla hujarudi kitini. Mambo haya hayatoi jasho, na labda ndiyo sababu watu huyadharau, lakini mwili huyahesabu.

Umeeleza ukali nyumbani katika sentensi moja tu, nami sitaki upite bila kuzingatiwa. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaitaja afya kuwa ni hali ya ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya kijamii, na haiishii kwenye kutokuwa na maradhi. Mtu anayefanya mazoezi makali siku sita, analala chini ya saa tano na hana siku ya kupumzika kweli, huwa mwepesi wa hasira, hupata mafua mara kwa mara, na mapigo ya moyo wake ya asubuhi hupanda kuliko kawaida yake. Yahesabu mapigo yako kwa dakika nzima unapoamka, kabla hujainuka kitandani, kwa siku kadhaa. Yakishuka taratibu katika wiki hizi nane, utajua kwamba mwili umeanza kupata nafuu. Na mahusiano nayo ni sehemu ya tiba. Uchambuzi wa mwaka 2010 uliojumuisha tafiti 148 na watu zaidi ya 300,000 ulibaini kuwa wenye mahusiano imara na watu wao walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi ulio mkubwa kwa asilimia 50 katika kipindi walichofuatiliwa. Kwa maoni yangu, matembezi ya nusu saa pamoja na mke wako baada ya chakula cha jioni, bila simu, yatakufaa kuliko mazoezi ya jioni uliyoniuliza.

Usiyaanze yote kwa pamoja. Wiki tatu za mwanzo shughulikia usingizi na kahawa tu. Kisha uingize chakula cha mchana, na mwisho hayo matembezi na kuinuka kazini. Utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea tabia mpya, ukakuta kwamba iliwachukua wastani wa siku 66 kabla haijawa mazoea, na tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa, kuanzia siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Ukikosea usiku mmoja, usiku unaofuata rudi kwenye ratiba, basi.

Uzito pekee usiufanye kuwa hakimu. Pima kiuno kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya kula: tafuta mbavu ya chini kabisa na juu ya mfupa wa nyonga, pitisha utepe katikati ya sehemu hizo mbili, toa pumzi kwa kawaida, kisha usome. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 hatari ya maradhi ya moyo na kisukari huanza kupanda, na kuanzia 102 huwa kubwa zaidi. Uzito unaweza kubaki pale pale huku kiuno kikipungua, na hayo ni mafanikio.

Kuhusu 138/88, kipimo kimoja hakitoshi kukuambia una presha au huna, lakini kiko karibu mno na mpaka wa 140/90 kwa mtu wa umri wako anayefanya mazoezi. Pima nyumbani au kwenye kituo cha afya kwa siku saba, asubuhi na jioni. Usiwe umekunywa kahawa, umevuta sigara wala umefanya mazoezi katika nusu saa iliyotangulia, na uwe umeshajisaidia haja ndogo. Keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, nyayo zote zikiwa sakafuni, mkono ukiwa umelazwa mezani usawa wa moyo. Usiongee. Chukua vipimo viwili kwa kupishana dakika moja na uviandike vyote. Peleka karatasi hiyo kwa daktari, naye akupime pia sukari ya damu, lehemu (kolesteroli) na figo. Vipimo vya nyumbani vikiwa na wastani wa 135/85 au zaidi, usisubiri wiki nane ziishe. Na ikiwa wakati wowote utapata maumivu ya kifua unapokimbia, pumzi kukata kusiko kwa kawaida, au kuzirai, simamisha mazoezi siku hiyo hiyo na uende hospitali.